Mwaka Naibu Alipopanda Feri

Nimeogopa watu wengi maishani, lakini hakuna niliyemwogopa kwa muda mrefu kama Naibu. Baba yangu alikuwa mkali, ila alisafiri mara kwa mara tukapumua. Mchungaji wetu alinguruma, lakini Jumapili tu. Naibu alikuwepo kila siku. Jua halijapanda vizuri, utamkuta amesimama penye lango la shule yetu, ukingoni mwa Mji wa Kale, mwanamke mfupi ambaye watoto wa darasa la nane walimpita kimo. Sisi walimu wazima, wengine na ndevu zetu, tuliingia tumeinamisha vichwa kama waliochelewa, hata siku tulizowahi.

"Subalkheri, Mwalimu."

"Subalkheri, Bi Naibu."

Basi. Hatazami saa, haulizi kitu. Lakini ukishampita unajikagua: shati limechomekwa? Maandalio ya somo ninayo? Ule wino ulionidondokea ameuona?

Jina alikuwa nalo, zuri la kikwao, ila shuleni hakuna aliyelitamka. Hata mwalimu mkuu, ambaye kwa cheo alikuwa juu yake, alimwita Naibu, na alivyolitamka ungedhani yeye ndiye msaidizi. Mimi nililetwa pale mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuo juzi, mtoto wa Kaloleni niliyepanga chumba Buxton na kupewa Kiingereza cha darasa la saba. Nilikuwa na hofu zangu za kawaida za mwalimu kijana: kuhamishwa ghafla nipelekwe mahali pasipo maji, kukaguliwa siku sijajiandaa, kuulizwa swali na mtoto nisijue jibu. Wiki ya kwanza niligundua kwamba hofu hizo zote zilikuwa na sura moja, na sura hiyo ilivaa miwani na mtandio wa kijivu.

Hakupiga. Nataka hilo lieleweke, maana enzi zile kila darasa lilikuwa na fimbo yake na watoto walizijua kwa majina. Naibu alifundisha hesabu za darasa la nane bila hata rula ya kutishia. Mtoto akikosea, alisema neno moja tu, "Rudia," kisha akangoja. Aliweza kungoja mpaka ukasikia hamali wa mikokoteni wakipigiana kelele huko njia ya Marikiti, mpaka ukasikia chaki ikivunjika darasa la tatu. Mtoto akilia, humpa leso yake ajipanguse, halafu anamwambia kwa upole kabisa, "Haya. Sasa rudia." Nilipita dirishani mwake siku moja nikamwona mvulana mkubwa anatetemeka mbele ya ubao, jasho linamtiririka, na Naibu kakaa kimya, mikono mapajani, kama mtu anayengoja uji upoe. Mvulana yule alilipata jibu. Karibu wote walilipata. Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, hesabu zake zilikuwa mbele ya masomo yetu yote, na akina mama walimsimamisha sokoni kumwombea dua.

Alikuwa na misemo yake, na yote ilikuwa mikavu. "Karibu na jibu si jibu." "Mwalimu mgonjwa hulala kwao, si kwenye kiti cha darasani." Mwalimu akimwendea na udhuru mrefu, humsikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Umemaliza? Sasa nambia ukweli, mfupi."

Usidhani alikuwa jiwe. Ramadhani ya kwanza niliyokuwa pale, nilisikia hodi chumbani kwangu Buxton nikamkuta binti wa jirani yake Naibu kabeba bakuli la bluu limefunikwa kawa, ndani futari: mihogo ya nazi, ndizi, na kaimati kwenye kisahani. Mimi Mkristo, sifungi, na sikuwa nimezungumza naye zaidi ya salamu. Nilikula machozi yakinilenga. Asubuhi yake langoni nikataka kumshukuru, nikaanza, "Bi Naibu, jana kwa kweli..." Akanikata, "Bakuli langu li wapi?" Sikuja nalo. "Mtu akikupa chakula hukupa chakula, hakukupa bakuli." Niliendelea kuletewa futari miaka yote niliyofundisha pale, na miaka yote nililipeleka bakuli kesho yake alfajiri, limeoshwa mara mbili.

Tena alipenda kandanda. Jumatatu asubuhi alijua nani kafunga na dakika za mwisho zilikwendaje, yote kwa redio. Tukimuuliza timu yake ni ipi, anajibu, "Mimi mwalimu, sina timu." Lakini kuna Jumatatu alizokuwa na uso wa msiba, nasi tukahesabu tukaijua.

Ndiyo maana mambo ya malipo yalitushangaza.

Wazazi walikuwa wakichanga kila muhula fedha kidogo za motisha, juu ya mshahara wetu wa serikali, na mwisho wa mwaka kamati ya shule iligawa sawasawa kwa walimu wote. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mfanyabiashara wa saruji na mabati, mtu mwenye sauti ya ukunjufu, na hakuwa mbaya. Mwanawe alikuwa amemaliza mwaka mzima darasa la tano bila kujua kugawanya, kwa sababu mwalimu aliyekuwa nalo, ambaye baadaye aliondoka, alishinda akisoma gazeti na mdomo ukinuka pombe ya mnazi. Mwenyekiti alikuwa na haki ya kukasirika. Akaitisha mkutano wa walimu na wazazi, akasema tangu sasa fedha zile zitagawiwa kwa wastani wa darasa. Darasa likipanda, mwalimu wake anapata zaidi. Likishuka, hapati kitu, na jina lake litasomwa siku ya wazazi.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema, na wazazi wakapiga makofi. "Fundi wangu akinijengea ukuta ukalala, simlipi. Kwa nini nimlipe mwalimu ambaye mwanangu amelala darasani mwake?"

Mwalimu wa darasa la tano wa wakati ule, pande la mtu aliyeimba besi kwaya ya kanisa, alisimama. "Mwenyekiti, mimi nina mtoto anayekuja shule hajala tangu jana. Mwenzangu ana mtoto analetwa na gari. Utatupima vipi kwa kipimo kimoja?"

"Kila mwaka sababu!" mzazi mmoja akadakia nyuma.

Tulimtazama Naibu. Sote tulijua atazungumza, na sote, nakiri, tulitumaini atatutetea. Aliyekuwa akituogopesha sisi pengine angewaogopesha wao. Alisimama, akarekebisha mtandio.

"Mimi naunga mkono," alisema.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Miaka mingi nimefundisha ukuta kwa ukuta na watu wanaosinzia," akaendelea. "Mwisho wa mwaka twagawiwa sawa. Mie naona si haki, na watoto pia waona, maana watoto si vipofu. Afundishaye na apewe. Asiyefundisha aone haya." Akaketi.

Nilitoka pale na hofu. Haikuwa fedha, zilikuwa kidogo. Ilikuwa ule usomaji wa majina. Nilijiona nimesimama uwanjani mbele ya mama zao na baba zao, jina langu linatajwa, watoto wangu wa darasa la saba wananitazama.

Mwaka uliofuata hofu ilihamia shuleni kama mpangaji. Iliingia kwanza chumba cha walimu. Zamani tulikopeshana chati, vitabu, hata chaki za rangi. Sasa kila mtu alifunga dawati lake kwa kufuli. Hakuna aliyetaka mkondo wa pili, wenye watoto wa mwisho mwisho. Mtoto mgeni akiletwa kuhamia, walimu walimkagua kama mbuzi wa mnada: huyu atanishusha au atanipandisha? Yule mwimba besi akaanza kuugua tumbo kila asubuhi, na siku moja nilimkuta nyuma ya tangi la maji, kaegemea ukuta, anatapika. "Wastani wangu umeshuka tena jaribio la wiki hii," aliniambia, macho mekundu. "Nimempiga mtoto leo, Mwalimu. Nimempiga mpaka nikajisikia vibaya. Mtoto wa watu hajui hata kosa lake."

Mimi mwenyewe niliota ndoto za ubao. Naandika sentensi, nikigeuka watoto hawapo, kuna wazazi watupu.

Naibu hakubadilika kwa nje. Alisimama langoni, akangoja, akasema "Rudia." Lakini nilianza kuona kitu. Mtihani wa majaribio ukisahihishwa, alikaa peke yake akikokotoa wastani wa darasa lake, akifuta, akikokotoa upya. Wakati ule nilidhani ni uzee.

Katika darasa lake la nane alikuwemo mvulana anayeitwa Chengo. Mrefu, mpole, wa kwao Bamba huko bara yetu. Mama yake alikaanga viazi vya karai Mwembe Tayari, penye mabasi ya bara, akauzia abiria. Nilimfundisha mwaka uliotangulia. Chengo hakuwa mjinga. Alikuwa polepole. Ukimpa swali leo, jibu unaweza kuletewa kesho kutwa, sahihi, wakati kila mtu ameshasahau swali. Mtihani wa taifa hausubiri kesho kutwa.

Siku za kupeleka majina ya watahiniwa ofisi ya elimu, nilikuwa ofisini kwa Naibu nikitafuta vitabu vya kusahihisha. Chengo akaitwa. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Chengo," Naibu alisema, "mwaka huu mtihani hutafanya. Utarudi la saba. Ukomae kidogo."

Chengo alimtazama. Midomo ilifunguka kama mtu anayetafuta jibu, na kwa mara ya kwanza Naibu hakungoja. "Haya, nenda," alisema, akainamia karatasi zake.

Kijana alichukua mkoba akatoka. Sikumsikia akishuka ngazi.

Kesho yake karibu na adhuhuri mama yake alikuja shuleni, leso mbili mwilini, mikono ina harufu ya mafuta na pilipili, kashika kifurushi cha gazeti. "Shikamooni walimu. Chengo katoka asubuhi bila kula, nimemletea viazi."

Mwalimu wa zamu alimwambia Chengo hajaonekana tangu asubuhi.

"Ametoka na sare," alisema yule mama. Alitabasamu kidogo, kama anayeamini sisi ndio tumekosea. "Nimemfunga kifungo mimi mwenyewe."

Naibu alikuwa amesikia kutoka ofisini. Alitoka hata miwani hajavaa. Aliita darasa lake lote uwanjani, juani, akauliza nani amemwona Chengo. Kisha msichana mmoja aliyeishi ng'ambo, Likoni, akainua mkono nusu.

"Mimi nimemwona kwenye feri, Bi Naibu. Nilipokuwa nikija."

"Yuwaenda wapi?"

"Haendi mahali. Feri ilipofika huku tulishuka sote, yeye hakushuka. Nikamwita. Akanitazama tu."

Sijapata kuona uso ukibadilika vile. Rangi ilimtoka Naibu hadi midomoni. Mama yake Chengo alitazama mwalimu huyu, akatazama yule, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mmemfanya nini mwanangu?"

"Mie," Naibu alisema. "Mie ndiye niliyemfanya. Njooni."

Tulikodi teksi, Naibu, yule mama na mimi. Njiani mama yake Chengo alikuwa akiomba kwa Kigiriama, maneno yale yale, na mimi niliyeyaelewa nilitamani nisiyaelewe. Naibu alikuwa mbele. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Tulifika feri imeshusha mlango, watu wanamiminika. Tulishuka mteremko ule pamoja na mabaiskeli na wauza korosho, na kwenye ukingo wa chuma, pale lami inapokutana na feri na maji meusi yanaonekana katikati, Naibu akasimama. Watu walimgonga mabegani wakampita. Nilirudi.

"Mwalimu," aliniambia, "mie sijapanda kitu hiki tangu nina umri wa vitoto hivi. Siwezi kupita juu ya maji."

Ndipo nikaelewa harusi zote za Likoni na Diani ambazo hakuhudhuria, na watu wakasema ni kiburi cha watu wa Mji wa Kale.

Mama yake Chengo akamwambia, bila ukali, "Mwalimu, baki. Nitamtafuta mimi."

"La," Naibu alisema. "Hapana." Akanishika mkono wa shati. Mwanamke yule ambaye hata chaki hakuipokea mkononi mwa mwanamume ila iwekwe mezani kwanza, alinishika nguo mbele ya umma wote, akafumba macho, akavuka.

Tulimtafuta feri nzima. Hakuwemo. Honi ikalia, chuma kikatetemeka chini ya miguu, tukaondoka. Katikati ya mkondo feri ya pili ilikuwa ikija kutoka ng'ambo, na zilipopishana mama yake alipiga ukelele. Chengo alikuwa kule. Amesimama nyuma kabisa, peke yake, penye mnyororo, shati lake la sare linapepea. Chini yake maji yalikuwa yakichemka. Mama aliita jina lake mpaka sauti ikakatika, na upepo ukalichukua jina ukalipeleka kwingine. Tuliweza kumwona hata kifungo cha shati. Hatukuweza kumfikia. Feri yetu ilikwenda njia yake na ile yake ikaenda njia yake, akawa mdogo, akawa shati tu.

Naibu alikuwa amefumbua macho. Hakulia. Alikuwa akisema jambo chini chini, nikadhani ni dua, nikainama kusikia. Alikuwa akisema, "Sikungoja. Sikungoja."

Tulishuka Likoni, tukasimama tukisubiri feri ile igeuke irudi. Sijui tulisimama muda gani. Mama yake alikuwa bado amekishika kile kifurushi cha viazi, mafuta yamepenya gazeti. Nilitazama maji na kila kitu kilichoelea, ganda la dafu, kipande cha ubao, nilidhani ni yeye. Hatimaye feri ikaja, mlango ukashuka, watu wakamiminika, na macho yetu yakawa yanachambua uso baada ya uso. Chengo hakushuka. Tukapanda kwa kusukumana.

Alikuwa pale pale penye mnyororo. Naibu alikuwa mbele yangu, ameniachia shati, anakwenda karibu mbio. "Chengo!" aliita. "Chengo, baba!"

Kijana aligeuka akamwona, na akarudi nyuma.

Nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Nyuma yake hakukuwa na kitu ila mnyororo na maji, na yeye alirudi huko, hatua moja, na nyingine, mgongo ukagusa mnyororo, ukaanza kuusukuma. Alimwogopa mwalimu wake kuliko bahari.

Naibu aliona. Alisimama kama aliyepigwa. Kisha pale pale, juu ya chuma chenye mafuta na maji ya samaki, na buibui lake safi, akakaa chini. Alikaa kitako miguu mbele kama mtoto, akafungua mikono kuonyesha kwamba haina kitu.

"Siji," alisema. "Tazama, nimekaa. Siji huko. Mtihani utafanya, baba. Nimekosa mie. Chukua wakati wako."

Na akangoja.

Watu walisimama kutazama. Mtu mmoja alicheka. Chengo alimtazama mwalimu wake aliyekaa chini, uso wake ukawa unatafuta, unatafuta, polepole kama kawaida yake, na wakati huo mama yake alikuwa ameshapita kando ya magari. Alimkumbatia kutoka ubavuni, mikono ikafungana kifuani mwa mwanawe, wakaanguka wote wawili kwa magoti. Feri iliondoka tena. Safari ile yote ya kurudi Naibu hakuinuka, na hakufumba macho.

Jina la Chengo lilikwenda ofisi ya elimu. Nitasema ukweli: hakufaulu. Alipata alama za chini, na wastani wa Naibu mwaka ule ulishuka ukawa wa tatu shuleni. Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla yake ulikuwepo mkutano mwingine wa wazazi, na Naibu akaomba nafasi.

Alisimama mbele ya watu wale wale. Nilikuwa karibu, nikamwona akiikunja karatasi aliyoishika na kuiweka mfukoni.

"Mimi niliunga mkono mpango huu. Leo nautoa mkono wangu. Nilidhani utawaamsha waliolala, na kweli wengine wameamka. Lakini mimi, niliyekuwa macho, umenipofua. Nimemtazama mtoto nikaona nambari yanivuta chini. Nikamtoa. Kidogo tu nimtoe duniani."

Mnong'ono ukapita. Mwenyekiti alizungumza kwa heshima, nadhani kwa mapenzi pia. "Bi Naibu, wewe ndiye chanda chetu chema. Pete hii tumekutengenezea wewe."

"Nafahamu, mwenyekiti, na Mungu akulipe. Lakini sijapata kuona mtu akakata vidole vingine ili pete ionekane."

Ungedhani maneno hayo yalimaliza mambo. Hayakumaliza. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini basi walipe chochote, mwingine akasema mwalimu kachoka na apumzike. Mikono ilipoinuliwa, walio wengi walikuwa na mwenyekiti. Mpango ulibaki, ukaja kufa wenyewe baadaye, michango ilipokuwa haichangiki. Naibu alikataa sehemu yake, akaomba aondolewe la nane apewe mkondo wa pili wa darasa la nne, ule ambao hakuna aliyeutaka. Akina mama waliokuwa wakimwombea dua Marikiti wakaanza kumpita kama hawakumwona. Alitembea katikati yao na kikapu chake, na mimi niliyetembea naye wakati mwingine niliona jinsi kila uso uliogeuka ulivyomchoma. Sisi walimu je? Tulimshukuru kwa siri, vyumbani. Langoni tuliendelea kumwogopa. Alistaafu na cheo kile kile.

Nilimwona mara ya mwisho karibu na mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimehamishiwa shule nyingine kisiwani humu, na kwa maajabu ya dunia mimi nami nimefanywa naibu. Kamati yetu mpya ilikuwa imeleta hoja ile ile kwa jina jingine. Mwalimu mkuu alikuwa anaumwa, kwa hivyo ilikuwa zamu yangu kusimama Jumamosi kusema walimu wanaonaje. Wiki nzima chakula kilikuwa hakipiti. Mwenyekiti alikuwa ameshanidokeza kwamba vyeo hupanda na vyeo hushuka.

Nilikwenda kwake Naibu, Kibokoni, alasiri, nikapiga hodi, dada yake mkubwa akanipandisha juu. Naibu alikuwa kakaa karibu na dirisha, amepungua sana, macho yameingia ukungu. Alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Bi Naibu."

"Marahaba, mwanangu. Hujala, nasikia sautini. Kaa kitako."

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikangoja aniambie la kusema.

"Usiniulize mie," alisema. "Mie nalisema ndiyo, tena nalisema la, na mara zote mbili nalikuwa nikiogopa. Mara ya kwanza nalijiogopea mimi. Mara ya pili nalimwogopea yule mtoto. Hiyo ndiyo tafauti, sina nyingine. Na mwalimu mvivu bado yuko, usidanganyike, na dawa yake siijui."

"Mimi naogopa pia," nilisema. Sikuwa nimepanga kulisema.

"Naam. Wamwogopea nani?"

Hakunihimiza. Kulikuwa na sauti ya cherehani nyumba ya pili, na mtu akiuza kahawa anagonga vikombe njiani. Nilitaka kusema nawaogopea walimu wenzangu, halafu nikajua si kweli, nilikuwa najiogopea mwenyewe, cheo changu na aibu.

"Katika shule yako," aliniuliza hatimaye, "yuko mtoto akaaye nyuma kabisa?"

"Yuko."

"Yuwaitwa nani?"

"Mejumaa."

"Sikusikia."

"Mejumaa, Bi Naibu."

"Haya," alisema, akanipa mkono, mkavu na mwepesi. "Nenda naye mkutanoni."

Nilishuka ngazi, nikatoka kwenye uchochoro, nikashika njia ya kwenda Buxton. Hofu haikuwa imepungua hata chembe. Nilikuwa nikilitamka jina lile kimoyomoyo kila nikivuka barabara.